Simu ya Siri

Simu ya mkono ni chombo, na chombo hakina wema wala dhambi. Wema na dhambi ni mali ya mtu akitumiaye. Hapa Kenya chombo hiki kimefanya kazi ambazo babu zetu hawakuziota. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, mama auzaye samaki Kisumu aweza kumpelekea mwanawe nauli Mombasa bila ya kuondoka kibandani pake. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalizifunga shule zetu, na wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari mwaka 2021. Katika miezi hiyo kitu kile kile kilichokuwa kikikatazwa langoni kiligeuka kuwa darasa kwa waliokuwa nacho, na wasiokuwa nacho wakaachwa nyuma. Kwa hiyo, msomaji, mtu akikuambia kwamba simu ni shetani, usimwamini; na akikuambia kwamba ni malaika, usimwamini vile vile.

Walakini shule nyingi za bweni humkataza mwanafunzi kuwa na simu, na wanafunzi wasio wachache huificha. Hivyo, swali ninalotaka tulipime pamoja si kama simu ni njema au mbaya. Swali ni hili: kitu chema kikishikwa kwa njia mbaya, je, chaweza kubaki chema?

Si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Mwenye kuficha husema: "Simu ni yangu. Nyumbani naitumia mbele ya wazazi wangu. Nikiitumia usiku ndani ya blanketi, simwibii mtu." Maneno haya yana sura nzuri, lakini hayana miguu ya kusimamia.

Kwanza, mtu huyo huiibia nafsi yake. Usingizi alioukosa usiku hudaiwa mchana, na deni hulipwa darasani wakati mwenziwe anapoelewa hesabu naye anasinzia. Akili haigawanyiki kama muhogo. Mshika mbili moja humponyoka. Tena yafaa ajue anashindana na nani. Wenye programu nyingi za picha na mazungumzo hupata fedha kwa matangazo, na matangazo hutaka macho ya watu. Kila dakika anayoiongeza ni faida yao. Wameajiri watu wa elimu kubwa ili asiiweke simu chini, naye ni kijana wa miaka 16, yu peke yake gizani. Mashindano hayo si sawa, na pengine hata hajui kwamba anashindana.

Pili, huwaibia wenzake. Simu hutaka umeme, na mwenye siri hawezi kuuomba waziwazi. Basi huvuta nyaya penye taa ya bweni kwa mikono isiyo na ujuzi, na chini ya dari ile ile wamelala wenzake ambao hawakuulizwa kama wako radhi kuhatarishwa. Isitoshe, siri ya bwenini haikai kwa mtu mmoja. Jirani wa kitanda huiona. Siku ya kupekuliwa, jirani huyo husimama mbele ya mwalimu naye amefungwa kati ya mambo mawili: aseme uongo, au amtoe mwenziwe. Ni urafiki gani umtwikao rafiki mzigo kama huo?

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, siri hujenga tabia. Uongo wa kwanza humtoa mtu jasho; wa kumi haumtoi hata tone. Mwaka 2015 mtihani wa taifa wa kidato cha nne ulivuja, na karatasi zake zikaenea kutoka simu moja hadi nyingine. Baraza la Mitihani la Taifa lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000, na mwezi wa Machi mwaka 2016 bodi ya Baraza lenyewe ikavunjwa. Simu haikuiba mtihani. Watu waliuiba, na simu ikabeba, kama punda abebavyo gunia asijue ni mali ya nani. Lakini mkono uliokwisha kuzoea kuficha jambo dogo hautetemeki sana unapopewa kubwa.

Labda utasema kwamba sheria yenyewe ni mbaya, maana ulimwengu wa leo ni ulimwengu wa simu. Yawezekana. Jambo hili linabishaniwa duniani kote. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia simu katika shule za msingi na za kati. Nalo shirika la UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilishauri teknolojia itumike pale inaposaidia masomo. Sheria ya shule si msahafu, na aionaye kuwa na kasoro ana njia ya kusema: liko baraza la wanafunzi, na uko mkutano wa wazazi na walimu. Nasi walimu hapana budi tuambiwe ukweli, kwani mwalimu achezeaye simu darasani hufuta kwa kidole aliyoyaandika kwa chaki. Ila mwenye kuivunja sheria kwa siri haiondoi, bali huitia nguvu. Kila simu inayotolewa chini ya godoro ni shahidi wa kwamba wanafunzi hawawezi kuaminiwa, na wanaoumizwa na ushahidi huo ni wale waliostahili kuaminiwa.

Msomaji kijana, siku moja utaliacha lango la shule. Hapatakuwa na mlinzi wa kupekua sanduku lako, wala mwalimu wa zamu wa kupita na tochi. Utakuwa na simu mchana na usiku. Pengine utakuwa na funguo za ofisi, na fedha za watu, na siri za wagonjwa au za wateja. Siku hiyo atakayekuambia "basi, inatosha" ni mtu mmoja tu, aliye ndani yako. Mtu huyo hazaliwi siku ya kuhitimu. Hulelewa sasa, bwenini, usiku taa zinapozimwa na hakuna akuonaye.