Tukijua Maji Yametoka Wapi, Mungu Ameenda Wapi?



Juzi mama mmoja wa Keroka aliniletea chupa ya maji kutoka Kit Mikayi, yale mawe marefu kule Seme, Kaunti ya Kisumu, ambako watu wengi huenda kuomba. Alitaka niyabariki ampe mtoto wake mwenye homa. Nikamwuliza maji yametoka wapi. Akasema, "Pastor, yanatoka tu kwa mawe. Hakuna mtu anajua."

Nikakumbuka jeneza moja la jiwe, la karne ya 4, kwenye ua wa kanisa la kale mjini Arles-sur-Tech, Ufaransa. Kila mwaka hukusanya mamia ya lita za maji, na kwa vizazi waumini wameyachota kama muujiza. Mwaka 1961 wataalamu walilichunguza. Wakaona mvua hupenya polepole kwenye kifuniko, na umande nao huchangia: hewa yenye unyevu ikigusa jiwe baridi hugeuka matone. Hiyo tunaijua hapa Kisii na Nyamira. Pika ugali asubuhi ya baridi uone vile mabati yanadondosha.

Kwani Mungu ametoka hapo? La hasha! Soma Ayubu 36:27-28. Elihu anaeleza vile matone huvutwa juu yakawa mvua, na bado utukufu anampa Mungu. Kujua njia hakumfukuzi Mpaji.

Dhambi iko mahali pengine. Mimi nilisomea biashara. Ukijua kilicho ndani ya gunia na uandike kingine juu, huo ni wizi, hata kama mnunuzi ameenda akifurahi. Mhubiri akijua ni umande, halafu anyamaze ili watu wajae na sadaka ipande, amemfanya Mungu shahidi wa uongo.

Nakiri, nilijaribiwa kunyamaza. Pastor akikataa chupa, ataambiwa hana imani. Lakini yule alikuwa mtoto, na maji hayakuwa yamechemshwa. Nikamwambia mama ukweli. Tukamwombea mtoto, chupa ikabaki mezani, tukaenda naye dispensari. Akapimwa, ikapatikana malaria, akapewa dawa.

Jumapili mama alisimama kushuhudia kwamba Mungu amemponya mwanawe. Wengine wakaniangalia, wakingoja nimsahihishe.

Nilisema Amina, kwa sauti.