KUMFURAHIA MTOTO SIYO KUJIFAHARISHA KWA MTOTO

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuumba na kulea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Meru na Embu, na kila atakayesomewa waraka huu. Tumeazimia mara hii kusema juu ya jambo ambalo hapana nyumba yenye mtoto lisimoingia, nalo ni furaha ya mzazi kwa mambo madogo ayafanyayo mwanawe. Watu hulidhania kuwa dogo mno lisilostahiki waadhi. Nasi twaona kinyume chake, kwani katika udogo wake mna ibada kwa mwenye kuijua, na mna hatari kwa mwenye kughafilika.

Tazameni yanayopita majumbani mwetu. Mtoto wa miaka mitatu ametoka bombani na kidumu chake kidogo, akafika nacho jikoni maji yasimwagike. Mwingine amefunga viatu vyake mwenyewe. Binti wa miaka sita ameinuka alfajiri katika baridi ya mwezi wa Julai, ukungu wa mlima umeshuka hata vizingitini, akatia udhu kwa maji yale ya barafu pamoja na mama yake wala asilie. Kijana mwingine amerudi madrasa akaisoma Suratul-Kawthar, aya zake tatu, bila ya kukosea hata herufi. Kwa mpita njia haya si kitu. Lakini baba aliyeshinda shambani akichuma kahawa, na mama aliyebeba kikapu cha majani ya chai tangu asubuhi, huyasikia haya na uchovu wao ukaondoka.

Je, furaha hii yafaa? Wako katika wazee wetu wadhanio kuwa mwanamume wa haki hamwonyeshi mtoto uso mkunjufu, na kuwa mtoto akisifiwa huharibika. Hao tunawakumbusha habari ya Al-Aqra' bin Habis. Alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akastaajabu, akaeleza kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume alimtazama, akamfahamisha kuwa asiyerehemu naye hatarehemiwa. Na Mtume huyo huyo aliwasalisha watu hali amemchukua Umama, binti wa mwanawe Zaynab. Akisujudu humweka chini, akiinuka humwinua tena. Na Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani mwake, mkono wake ulipokuwa ukizunguka ovyo katika sahani, Mtume alimfundisha kwa upole kutaja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula cha mbele yake. Basi ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya kushughulika na mkono wa mtoto sahanini, ni nani sisi hata tuone haya kufurahi mtoto anapojua kula vizuri?

Hapana shaka, basi, kuwa kumfurahia mtoto ni katika rehema. Lakini kando ya furaha hii kuna kitu kingine kinachofanana nayo kwa sura na kuihalifu kwa moyo, nacho ni kujifaharisha. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Hadid ameyataja maisha ya dunia, akataja mchezo na pumbao na pambo, khalafu akataja kufaharishana baina ya watu na kushindana kwa wingi wa mali na watoto. Tazameni namna watoto walivyowekwa pamoja na mali pale ambapo moyo umeingia mashindano. Na alama ya kupambanua mambo haya mawili ni nyepesi. Mwenye kufurahi humtazama mtoto, na mwenye kujifaharisha huwatazama watu.

Na sisi wa huku tuna sababu ya kuogopa zaidi. Waislamu wa Meru na Embu tu wachache. Watoto wetu husoma shule pamoja na watoto wa majirani zetu wasio wa dini yetu, na jioni au siku za mapumziko huenda madrasa. Mchache hupenda kuonekana. Mara nyingi baba amtakia mwanawe ushindi ili watu wajue kuwa nasi tumo, na mtoto mdogo akabebeshwa heshima ya watu wote. Huo ni mzigo usiolingana na mabega yake.

Khalafu zama nazo zimetuzoeza vibaya. Tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023 watoto wa Kenya walifanya mtihani wa KCPE mwisho wa shule ya msingi, na siku ya matokeo mwenye alama nyingi alibebwa mabegani kwa nyimbo, na mwenye chache akajificha. Mtihani ule umekwisha, lakini mizani yake ingali nyoyoni mwetu. Mtaala mpya umemtaka mtoto aonyeshe kwa vitendo, na mara nyingine mzazi huombwa apige picha ya mwanawe akiosha vyombo au akipanda mche. Jambo hilo lina kheri. Lakini twaona baadhi ya wazazi wakitafuta picha kuliko kazi. Mtoto huosha sahani moja mbele ya simu, picha ikapelekwa kwa jamaa na marafiki na wasiojulikana, na sahani zilizobaki zikaoshwa na mtumishi. Mtoto huyo amejifunza nini? Amejifunza kuwa kazi isiyoonekana si kazi.

Na zingatieni kisa cha Nabii Yaaqub (a.s.) katika Sura Yusuf. Mwanawe alimjia na ndoto ya utukufu, naye, pamoja na furaha yake, alimwonya asiwasimulie ndugu zake, kwa kuchelea wasimfanyie vitimbi. Furaha yake ilikuwa na stara. Na katika sura hiyo hiyo twasoma kuwa ndugu wale moyo uliwaungua kwa kudhani kuwa baba yao anampenda Yusuf na nduguye kuliko wao. Ikiwa dhana hiyo iliingia nyumbani mwa Nabii, je, nyumbani mwetu?

Hapa ndipo tulipokusudia kufika. Bashir bin Saad alimjia Mtume (s.a.w.) amshuhudishe zawadi aliyompa mwanawe Nu'man. Mtume akamwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema la, Mtume alikataa kuishuhudia, akamwamrisha amche Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto. Sisi twasema kuwa sifa nayo ni zawadi, na jicho la furaha ni zawadi. Mwana wa kiume asomapo sura mbele ya wageni akashangiliwa, na dada yake aliyemfundisha sura hiyo huku akipepea moto yuko jikoni wala hatajwi, hapo uadilifu umevunjika ingawa hapana shilingi iliyotolewa.

Na kuna aliye nyuma zaidi ya dada huyo. Huyo ni mtoto aliyechelewa kutembea, au asiyesema sawasawa, au aliyezaliwa na udhaifu wa viungo au wa akili. Wageni wakiingia huyu hupelekwa chumba cha nyuma na mlango ukarudishwa. Wazazi wake si wakatili. Wamezoea tu kumhesabu mtoto kwa macho ya watu. Twamjua mama mmoja wa huku ambaye mwanawe alikuwa na umri wa miaka saba alipoweza kushika kijiko na kukifikisha kinywani. Mama yule alipiga kigelegele, na majirani wakacheka, wakasema wa kwao wafanya hivyo tangu umri wa miaka miwili. Wallahi, twaona kigelegele kile kilikuwa na shukrani nyingi kuliko karamu za wenye alama kubwa. Kumbukeni Suratu Abasa, namna Mwenyezi Mungu alivyomwonya Mtume wake kwa ajili ya kipofu, Ibn Ummi Maktum, aliyeachwa kidogo kwa kushughulikiwa wakubwa wa Makka. Kipofu yule baadaye alikuwa mwadhini wa Mtume, na aliachiwa Madina aisimamie Mtume alipokuwa safarini. Nani ajuaye Mungu amemwekea nini mtoto wa chumba cha nyuma?

Basi yatupasa mambo manne. Kwanza, mtoto afanyapo jema, mzazi aseme Masha Allah, amshukuru Mungu kabla ya kumsifu mtoto. Pili, asifu tendo na juhudi, na ampime mtoto kwa alivyokuwa jana, asimpime kwa mtoto wa jirani. Tatu, sifa kubwa itolewe nyumbani, mbele ya mtoto mwenyewe, na ya nje iwe kidogo. Nne, kila mtoto awe na fungu lake la furaha, wa kiume na wa kike, mwepesi na mzito. Na mlango wa chumba cha nyuma ufunguliwe.

Na tukumbuke kuwa watoto ni amana. Mtume wetu alipewa Ibrahim, akamfurahia na kumbeba, naye akafa hajatimiza miaka miwili. Mtume alilia, wala hakusema ila lile limridhishalo Mola wake. Anayejua kuwa kilicho mkononi mwake ni cha kuazimwa hakitembezi sokoni. Hukitunza, na hukifurahia maadamu anacho.

Ewe Mola wetu, wafanye watoto wetu kuwa utulivu wa macho yetu, wala usiwafanye kuwa ushindani baina yetu. Wape walio dhaifu miongoni mwao wazazi wenye macho ya kuona hatua zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.