Mgeni na Mwenye Nyumba
(Luka 10:25-37)



Habari ya mtu yule aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko tumeisoma mara nyingi, hata tumeizoea. Twamjua kuhani, twamjua Mlawi, twamjua na Msamaria. Walakini yuko mtu ambaye waalimu wengi humpita upesi, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Huyu alipewa dinari mbili na Msamaria, amtunze mtu aliyejeruhiwa. Leo nataka kuwaeleza habari za mwenye nyumba wa namna nyingine kabisa.

Huko Marekani, katika jimbo la Nevada, uko mji uitwao Las Vegas. Jina hilo ni la Kispania, maana yake mbuga za majani, kwa kuwa palikuwa na chemchemi katikati ya jangwa. Mji ulianza mwaka 1905, viwanja vilipouzwa kando ya reli. Na mwaka 1931 Nevada iliihalalisha kamari kwa sheria. Tangu hapo watu huuendea mchana na usiku, wakitafuta mali wasiyoitolea jasho. Tena penye kamari hapakosi pombe, wala hapakosi nyumba ambazo wanawake hucheza uchi mbele ya wanaume kwa fedha.

Nyumba moja ya namna hiyo iliitwa Crazy Horse Too. (Crazy Horse alikuwa jemadari wa kabila la Walakota, aliyepigana na askari wa Marekani, akauawa mikononi mwao mwaka 1877. Fikirini mtu akiandika jina la Mkwawa juu ya mlango wa nyumba kama ile!) Mwenye nyumba aliitwa Rick Rizzolo, na biashara yake ilistawi sana.

Basi mwezi wa Septemba 2001 aliingia humo mgeni aliyetoka mbali, jimbo la Kansas. Ilipofika saa ya kulipa wakahitilafiana kwa ajili ya hesabu ya pombe, nayo ilikuwa dola 80 hivi tu. Ugomvi ukaanza, na katika ugomvi ule shingo ya mgeni ikavunjika. Tangu usiku huo hakusimama tena kwa miguu yake.

Sisi tulifundishwa na wazee wetu ya kuwa mtu akinywa pombe ya ulezi uani kwako, usalama wake ni juu yako hata atakapofika njiani. Msamaria alimpeleka aliyepigwa kwa mwenye nyumba apate kupona. Huyu wa Kansas alivunjwa ndani ya nyumba yenyewe.

Mambo yakafika barazani. Mwaka 2006 Rizzolo aliungama kwamba alikula njama ya kuidanganya serikali katika habari za kodi, na kampuni yake ikaungama makosa mazito zaidi. Yeye akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Nyumba ikafungwa mwaka 2007, ikawa chini ya mkono wa serikali. Mgeni aliahidiwa dola milioni 10: milioni 1 kwanza, na zile 9 zitoke katika bei ya nyumba itakapouzwa. Lakini nani atatoa bei kubwa kwa nyumba iliyofungwa, yenye sifa kama ile? Thamani yake ikazidi kushuka, hata mwaka 2011 ikapigwa mnada kwa dola milioni 3, na aliyeichukua ni mwenye rehani. Zakayo alipoguswa moyo alisimama mwenyewe akaahidi kulipa mara nne, pasipo kuitwa na hakimu. Huyu wa Kansas alikaa miaka mingi katika kiti chake akidai alichokwisha kuahidiwa.

Nilipomsimulia ndugu mmoja habari hii alinijibu mara moja, "Aliyataka mwenyewe. Kwa nini hakukaa kwake na mkewe?" Ni kweli, hakupaswa kuingia. Walakini angalieni: Bwana wetu hakutuambia yule wa Yeriko alikuwa akienda kufanya nini. Labda alikwenda kuuza nafaka, labda alikwenda kwa kahaba. Msamaria hakumwuliza. Hata baraza la Nevada, lisilo kanisa, halikuuliza kama mgeni alikuwa mtu mwema. Liliuliza nani alimvunja. Na wanawake waliocheza mle ndani, nao ni binti za watu.

Nimeyaandika haya kwa sababu yako jambo kwetu. Kijana mmoja wa usharika alivunjwa mguu mlangoni mwa kilabu cha pombe, wakidaiana fedha kidogo. Naye amekwisha kutengwa na Meza ya Bwana tangu mwaka jana. Amelala hospitali majuma matatu, na katika wazee wetu hakuna aliyekwenda. Wanasema atazamwe atakapotubu. Mama yake huenda peke yake kila siku na chungu cha uji. Nami nakiri kwamba nilipita mlangoni pa hospitali ile mara mbili, nikajiambia nina haraka.

Jumamosi, baada ya mafundisho ya ubatizo, nitakwenda kumtazama. Apendaye kufuatana nami anikute penye kengele saa nne, na mwenye blanketi la ziada alichukue, maana usiku wa Ufipa ni baridi.