Nani Atamsemea Mtoto Huyu?

Soma kwa ajili ya somo hili: Waamuzi 13:2–14, 2 Samweli 4:4, 9:1–13, Mithali 31:1–9, Yohana 9:1–7.

Fungu la kukariri: Mithali 31:8.

Katika Mithali 31 mama wa mfalme Lemueli anamfundisha mwanawe mambo mawili kwa pamoja. Kwanza anamwonya juu ya mvinyo na kileo (aya ya 4 na 5). Kisha anamwagiza awasemee wale wasioweza kujisemea na kuwatetea maskini (aya ya 8 na 9). Waadventista wanaijua vizuri nusu ya kwanza ya fundisho hili. Imo katika mahubiri ya kiasi na katika ahadi za ubatizo. Lakini mama yule hakuishia hapo. Kanisa linalokataa pombe linawajibika nini kwa mtu aliyedhurika na pombe kabla hajazaliwa?

Jambo lenyewe

Pombe anayokunywa mama mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado ni changa mno kuiondoa. Ubongo wa mtoto hujengwa muda wote wa ujauzito, tangu wiki za kwanza ambapo mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 wa wazazi waliokunywa pombe. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, waliupa ugonjwa huo jina lake. Afrika Kusini, katika jimbo la Western Cape, wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo kwa vizazi vingi. Huko watafiti wamekuta idadi kubwa ya watoto wa namna hii kuliko karibu mahali pengine pote duniani.

Pombe ipo pia kando ya Ziwa Victoria. Katika mialo ya wavuvi wa sangara na dagaa fedha hupatikana usiku na kutumika mchana, na gongo haiko mbali. Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba tarehe 1 Machi 2017, lakini marufuku hiyo haikuweza kuwarudia watoto waliokwisha kuzaliwa. Wengine wao sasa wako darasani. Mtoto wa namna hii husahau leo alichokijua jana. Akitumwa mambo matatu, hutenda moja. Huchukua kitu cha mwenzake bila kufikiri matokeo, na akiulizwa hujaza pengo la kumbukumbu kwa maneno yasiyo ya kweli. Mwalimu humwita mtundu, jirani humwita mwongo, na nyumbani huchapwa kwa kosa lile lile kila juma.

Soma Waamuzi 13:3–14. Manoa aliuliza habari za mtoto. Kwa nini malaika alijibu kwa kutaja chakula na kinywaji cha mama?

Tena onyo lile lilitolewa kabla ya mimba kutungwa, na mume naye aliambiwa. Halikuwa jambo la mwanamke peke yake.

Ufunguo ulio mdomoni mwa mama

Mama wa kisiwa cha Ukara akitaka mwanawe achunguzwe na madaktari bingwa, huvuka kwa kivuko hadi Bugolora, hupanda gari hadi Nansio, kisha huvuka tena ziwa hadi Mwanza, kwenye Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando. Nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea ni kizuizi cha kwanza. Lakini kipo kingine ambacho hata daraja la Kigongo–Busisi haliwezi kukiondoa.

Ni watoto wachache tu wenye dalili zote za usoni, yaani macho yenye upenyo mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na sehemu iliyo kati ya pua na mdomo isiyo na mfereji. Wengi hawana alama yoyote. Tena kuchelewa kwa mtoto kunaweza kuletwa na malaria kali, utapiamlo, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo mganga hawezi kukisia kwa kumtazama tu. Inambidi aulize: Je, ulikunywa pombe ulipokuwa mjamzito? Jibu la mama ndilo linalofungua mlango. Mama akiogopa, atasema hapana, na mtoto atarudi nyumbani akiwa na jina lile lile la mtundu.

Hapa swali linaligusa kanisa. Ni wapi mama huyu alijifunza kuogopa? Huenda alijifunza sokoni au kwa wakwe zake. Huenda pia alijifunza kanisani, aliposikia walevi wakitajwa kwa dharau na akaamua kwamba siri yake itakufa naye. Hivyo mahubiri ya kweli juu ya pombe, yakitolewa bila rehema, yanaweza kumzuia mtoto asipate huduma.

Nani aliyetenda dhambi?

Mtu anaweza kujibu kwamba kosa lisipotajwa, wasichana watadhani pombe haina madhara. Hoja hiyo ina uzito. Kunyamaza si upendo, na malaika hakunyamaza kwa mke wa Manoa. Lakini onyo humfaa mtu ambaye bado anaweza kuchagua. Mama ambaye mtoto wake ana miaka tisa hawezi kurudi nyuma. Akipewa hukumu mahali pa msaada, hakuna kinachozuiwa tena, na mtoto ndiye anayelipa.

Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona kipofu wakatafuta mwenye kosa. Yesu hakukubali njia yao ya kuuliza. Aliwaelekeza kwenye kazi ya Mungu iliyopaswa kufanyika wakati bado ni mchana, kisha akaifanya. Kujua chanzo cha ulemavu ni kazi ya tiba, na kunasaidia. Kutafuta wa kulaumiwa ni kazi nyingine, nayo haimsaidii mgonjwa.

Tena lawama ikigawanywa kwa haki, haitakaa kwa mama peke yake. Habakuki 2:15 inamtazama yule anayemnywesha jirani yake. Yupo mume aliyenunua, yupo muuzaji, na huenda yupo mshiriki aliyepangisha fremu ya duka lake kwa kilabu cha pombe huku akitoa zaka ya kodi hiyo.

Mezani pa mfalme

Mefiboshethi alipata ulemavu akiwa na miaka mitano, yaya wake alipomwangusha wakati wa kukimbia (2 Samweli 4:4). Biblia haisemi zaidi juu ya yaya huyo. Inachoeleza kwa urefu ni jinsi Daudi alivyomtafuta mlemavu huyo Lo-debari, akamrudishia mashamba, akamweka Siba kuyalima, na kumpa nafasi mezani siku zote. Miguu yake haikupona. Alipewa mahali.

Madhara ya pombe katika ubongo hayaondoki kwa dawa wala kwa fimbo. Hata hivyo tafiti zimeonyesha kwamba mtoto anayetambuliwa mapema na kulelewa katika nyumba tulivu hupata maisha bora zaidi. Mambo mengi anayohitaji hayana gharama: agizo moja kwa wakati mmoja, ratiba isiyobadilika, picha badala ya maneno mengi, na mtu mzima anayekumbusha bila kuchoka. Darasa la watoto la Shule ya Sabato linaweza kufanya hayo. Dorkasi wanaweza kuchangia nauli ya kivuko. Mzee wa kanisa anaweza kumsindikiza mama kwa afisa ustawi wa jamii, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya elimu na huduma. Na mama mjamzito ambaye bado anakunywa aambiwe kwa upole kwamba kuacha leo, katika mwezi wowote, bado kunamsaidia mtoto.

Maswali ya kujadili

1. Je, mama aliyekunywa pombe akiwa mjamzito anaweza kusema hivyo katika kanisa lenu na bado akaketi mahali pake Sabato inayofuata? Ni nini kingepaswa kubadilika?

2. Kijana aliyeathirika hivi anapoiba au kusema uongo, kanisa limwajibishe kwa kiasi gani? Linganisha na Luka 12:47, 48.

3. Mtajeni mtoto mmoja katika mtaa wenu ambaye watu wote wamemkatia tamaa, bila kutaja aibu ya wazazi wake. Darasa lenu litamfanyia nini kabla ya mwisho wa robo hii?