Bei ya Asili na Amana ya Muuzaji

Idi inapokaribia, maduka mengi ya miji yetu ya pwani hubandika matangazo: bei imepunguzwa asilimia 20, na mwenye kulipa taslimu atapunguziwa tena asilimia 10. Mzazi mwenye watoto wa kuvisha hujumlisha upesi, akaona amepunguziwa 30. Je, muuzaji aliyeandika hayo ni mkweli?

Kwanza tutazame hesabu. Nguo ya shilingi 1,000 ikipunguzwa 20 katika mia hubaki 800. Ile 10 ya pili haitolewi katika elfu, bali katika 800 zilizobaki, nayo ni 80. Mnunuzi hulipa 720. Basi punguzo zima ni asilimia 28, wala si 30. Jambo hili si geni kwa aliyesoma mirathi: theluthi ya wasia haitolewi katika mali yote aliyoacha marehemu, bali katika iliyobaki baada ya kulipwa madeni yake. Na anayetaka kuirudia bei ya asili, aigawe 720 kwa 90 na azidishe kwa 100, apate 800. Kisha aigawe 800 kwa 80 na azidishe kwa 100, apate 1,000.

Mpaka hapa muuzaji hana lawama, maana hakusema uongo. Lakini akimsikia mnunuzi akihesabu 30, naye akanyamaza kwa kusudi, ajihadhari. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuyaweka yaliyolowa juu watu wayaone, kisha akamkana mwenye kughushi. Mtu yule hakutamka uongo, alificha tu.

Liko baya zaidi. Nguo iliyokuwa ikiuzwa 800 hupandishwa kwa robo, ikawa 1,000, kisha huandikwa: punguzo la asilimia 20. Bei imerudi pale pale 800! Hesabu ni sahihi, lakini asili yake ni uongo. Katika bai ya murabaha, ambapo muuzaji hutaja mtaji wake na faida anayoitaka, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba akidhihirika ameongeza mtaji, ile ziada huondoshwa pamoja na faida yake. Duka letu la Idi si murabaha, lakini funzo ni moja: anayetaja bei ya asili ametoa habari, na habari ni amana.

Wako wasemao, "Mnunuzi mwenyewe ameridhika." Ndugu zangu, ameridhika na punguzo ambalo halikuwako. Ridhaa iliyojengwa juu ya udanganyifu ni ridhaa gani?

Basi mnunuzi ajifunze kuuliza: asilimia ya nini? Na muuzaji akumbuke Sura ya Al-Mutaffifin, iliyowaonya wenye kupunja vipimo. Asilimia nayo ni kipimo. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, ijapokuwa kidogo. Amin.