Kiti Kisicho na Askari

Ukitoka Kindu kuelekea Pangi, mashariki mwa Kongo-Kinshasa, unaingia nchi ya Warega. Zamani hawakuwa na mfalme wala jeshi. Waliongozwa na Bwami, chama chenye ngazi, na ngazi ya juu kabisa ya wanaume iliitwa kindi. Mzee wa kindi hakuwa na askari wa kumtuma kwa mtu, lakini neno lake lilipatanisha koo.

Je, mamlaka bila nguvu ni mamlaka kweli? Swali hilo humkabili kila anayekuwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO kule Paris.

Tarehe 7 Juni 1978, Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, alitoa wito kwamba hazina za utamaduni zirudi kwa waliozitengeneza. Aliomba, hakuamuru. Hakuwa na polisi, na fedha za shirika zilitoka kwa wanachama walewale aliokuwa akiwasihi. Baadaye, kwa ugomvi mwingine, Marekani ilijitoa mwishoni mwa 1984, Uingereza ikafuata mwaka 1985.

Mzee wa kindi alipata wapi uzito wake? Kupanda ngazi kulidai mali, lakini mali hiyo iligawiwa njiani. Kulidai ndugu wa kumdhamini mtu, na mke wa kupanda naye: hakuna aliyefika kindi bila mkewe kuingizwa katika daraja la bunyamwa. Mafunzo yalitolewa kwa ngoma, methali na vinyago vidogo vya pembe au mti. Kimojawapo, Sakimatwematwe, kina vichwa vingi, kumfundisha mzee kutazama pande zote kabla ya kuamua. Kwa hiyo waliomsikiliza walikuwa wameshampima tabia kwa miaka mingi.

Mkurugenzi Mkuu hupimwa na dola, tena kwa kampeni. Mwaka 2025 Mmisri Khaled El-Enany alipata kura 55 katika Halmashauri Kuu. Firmin Edouard Matoko wa Kongo-Brazzaville akapata 2. Nani kati ya wapiga kura hao aliwahi kula na mgombea wake?

Hata hivyo, wito wa M'Bow haukufa, na unawagusa Warega pia. Bwami ilikuwa imepigwa marufuku na wakoloni wa Kibelgiji mwaka 1948, na vinyago vyake vingi vikaishia katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2022 Ubelgiji ilitunga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Lakini sheria hiyo inazungumza na dola kwa njia ya mkataba, si na koo: mzee wa Pangi anayemdai Sakimatwematwe wa ukoo wake sharti apitie Kinshasa.