Nani Amekuambia Ninachosoma?

Mwaka nilioacha chuo nilirudi Nyeri na siri moja: nilikuwa silali. Kumuuliza daktari niliogopa, kwa hivyo niliuliza kompyuta. Niliingia saiba moja pale mjini, nikalipia nusu saa, nikasoma kuhusu msongo wa mawazo hadi dakika zikaisha. Nikatoka bila kufunga kurasa. Aliyekalia kiti changu baadaye alikuwa jirani yetu. Kufika nyumbani, mama alikuwa ameshapigiwa simu. "Kwani kichwa kinakusumbua?" aliniuliza kwa upole. Ila swali lenyewe lilikuwa limepitia kwa watu kabla ya kunifikia.

Tangu hapo najiuliza: kile mtu anachosoma ni mali ya nani?

Zamani ukiazima kitabu maktaba, jina lako lilibaki kwenye kadi. Mkutubi aliliona, na baada ya mwaka alikuwa amelisahau. Kompyuta haina huruma hiyo. Ukisoma kitabu kwenye simu, mfumo unaweza kuweka nambari yako, saa uliyofungua, hata ukurasa ulioishia. Si lazima pawe na mtu mbaya. Mashine inaandika tu kwa sababu hakuna aliyeiambia iache.

Rafiki yangu hunijibu ati kama huna cha kuficha, unaogopa nini? Huyo hajaishi Karatina wala Nanyuki, ambako kila unayekutana naye anamjua shangazi yako. Msichana anayesoma kuhusu kupanga uzazi, baba anayesoma kuhusu Ukimwi, mke anayesoma sheria ya talaka: hakuna aliyekosa hapo. Kila mmoja anatafuta maneno kwanza, ndipo aweze kuongea. Akijua anatazamwa, atafunga kitabu na kubaki na shida yake.

Na nchi hii inajua kusoma kunavyoweza kugeuzwa ushahidi. Wakati wa msako wa Mwakenya, miaka ya 1986 na 1987, kupatikana na karatasi fulani kulitosha kumpeleka mtu jela. Mwaka 1987 polisi walizoa nakala za Matigari, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Gĩkũyũ, kutoka madukani. Waliweza kuzoa vitabu. Hebu fikiria wangekuwa na orodha ya kila aliyekisoma.

Kule Marekani orodha iliombwa kweli. Mwaka 2005 FBI ilitaka rekodi za kompyuta ya maktaba jimbo la Connecticut, pamoja na amri ya kutomwambia mtu yeyote. Wakutubi wanne walikataa, wakaenda kortini. Mwaka 2006 serikali ikarudi nyuma.

Sisi tuna Ibara ya 31 ya Katiba, inayolinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosema usikusanye zaidi ya unachohitaji wala usikiweke kupita muda wake. Nzuri sana. Lakini sheria haiketi kaunta. Anayeketi pale ni mkutubi, na siwezi kumwomba awe shujaa kila siku. Naomba kitu kidogo zaidi: kitabu kikirudi, uzi unaounganisha jina langu na kitabu hicho ukatwe. Rekodi isiyokuwepo haiwezi kuibwa, kuuzwa wala kudaiwa na askari.

Kuna hasara, si uongo. Mfumo hautanikumbusha nilichosoma mwaka jana. Na maktaba ikitaka kuonyesha kazi yake, ihesabu vitabu vilivyotoka, si majina ya waliovibeba. Hasara hiyo naikubali.

Mama nilikuja kumweleza yote mwenyewe, miezi kadhaa baadaye, jikoni, tukimenya waru. Alisikiliza, akanishika mkono. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Nilichotaka ni kuyaanza mimi.